Mnyama Aliyelifunika Hema

Juzi mvua ya ghafla ilinikuta Ndia Kuu, Mji wa Kale, nikajibanza kwenye mlango wa duka moja la vinyago. Mwenye duka, kijana mwenye maneno matamu, alinidhania mteja akaanza kunisifia vikapu na vifaru vya mti. Sikuwa namsikiliza. Ukuta wa duka lile ulikuwa umepata unyevu, na ulikuwa ukitoa harufu niliyoijua kabla sijajua kusoma: ngozi mbichi, gundi na magome ya mkoko. Wameupaka rangi ukuta ule, naona, mara tatu au nne, na harufu imekataa kuhama. "Hapa palikuwa na pipa," nikamwambia. Akaniuliza, "Pipa la maji, mama?" Nikamjibu kwamba lilikuwa pipa la kulowekea ngozi, na kwamba mimi ndiye niliyewahi kuliharibu. Akacheka kwa adabu, akarudi kwenye vifaru vyake.

Hapo ndipo ilipokuwa karakana ya Fundi Athmani, na baba yangu alifanya kazi humo miaka yote ya utoto wangu, akikata na kushona makubadhi. Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa makubadhi. Tuliyavaa ya ngozi halisi, yakilia kwenye sakafu kila hatua, kabla miguu ya mji mzima haijahamia kwenye plastiki. Sisi kwetu ni Rabai, lakini tulikuwa tumepanga Majengo, vyumba viwili na kibaraza. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, kwa homa ya siku nne tu. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa tena na mtu wa kunipokea, nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja karakana, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango na daftari zangu mapajani mpaka Baba amalize.

Siku za matanga kila aliyeingia aliniinamia, akaniambia kwamba Mama yuko mbinguni na kwamba nitamwona tena. Nilikuwa mtoto wa kudai ushahidi, tabia iliyowachosha wengi na ambayo sijaiacha. Nilimuuliza mama mmoja wa kanisani amejuaje. "Imeandikwa, mwanangu," akasema. Hilo likanitosha kabisa. Kitabu kilikuwapo juu ya kabati letu, kinene, jalada jeusi, na yaliyomo yalikuwa kweli neno kwa neno. Kwa hiyo Mama alikuwa mahali fulani akiningoja, na kazi yangu ilikuwa kungoja pia. Baba peke yake hakusema lolote. Tangu mazishi hakuwahi hata kulitaja jina la Mama, na mimi sikuthubutu kumgusia.

Karakana ilikuwa na sheria moja kubwa. Fundi Athmani alikuwa Mswahili wa Mji wa Kale, mtu wa ucheshi mwingi na swala tano, aliyeirithi kazi ile kwa baba yake na babu yake. Ngozi yoyote iliyofika mlangoni mwake, hata ikiwa imebebwa na mtu anayemjua miaka ishirini, ilikutana na swali: "Ngozi ya nani hii?" Aliyeileta alitakiwa kumtaja mnyama kwa sauti kabla hajavuka kizingiti. Asiyejua alirudishwa na ngozi yake, kwa heshima, lakini alirudishwa. Fundi hakutaka nguruwe wala mzoga kuingia kwenye pipa lake, maana ngozi zote zililowekwa pamoja katika maji yale mekundu ya magome ya mkoko, na moja ikiwa najisi basi zote ni najisi. Baba, Mkristo pekee mle ndani, aliahidi siku ya kwanza ya kazi kwamba sheria hiyo itakuwa salama mikononi mwake. Aliilinda kuliko mwenye karakana.

Na hakuna aliyefaa kuilinda kama yeye. Wateja wakibishana, Fundi Athmani alimwita: "Hebu ndoo hapa. Fumba mato." Baba alifumba macho, akapewa kipande cha ngozi nyuma ya mgongo, akakipapasa kwa kidole gumba mara moja. "Mbuzi," alisema, au "Kondoo, tena wa mwaka huu," au "Ngamia, wa upande wa shingo." Hakukosea. Siku moja bwana mmoja alileta mkoba kutoka ng'ambo aliouita wa ngozi ya mamba. Baba aliupapasa akasema kwa upole, "Ng'ombe. Amepigwa chapa mpaka akafanana na mamba." Bwana yule hakurudi tena. Mimi pale kigodani nilijaa fahari mpaka nikashindwa kukaa vizuri. Niliamini hakuna mnyama wa nchi kavu wala wa majini ambaye kidole cha baba yangu hakimjui.

Mwaka huohuo Mwalimu Zakaria, aliyekuwa akitufundisha shule ya Jumapili, alipata wazo la sikukuu ya mavuno. Watoto tutengeneze hema la ibada la wana wa Israeli, lile la jangwani, dogo lakini la kuingilika, tulisimamishe uwanjani pa kanisa. Hema lile lilikuwa na mafuniko manne, moja juu ya jingine: kitani, kisha manyoya ya mbuzi, kisha ngozi za kondoo dume zilizotiwa wekundu, na juu ya yote, ngozi za pomboo. Kina mama wakapewa kitani. Baba, kwa kuwa ndiye mtu wa ngozi, akapewa la nne.

"Pomboo?" Baba aliuliza.

"Imeandikwa," Mwalimu Zakaria akamjibu.

Baba hakubisha, lakini sikuwahi kumwona akisumbuliwa na kazi kama ile. Hakuelewa watu walioko jangwani, mbali na bahari, walipata wapi pomboo wa kutosha kufunika hema zima. Aliazima tafsiri nyingine mbili za Maandiko akaziweka pamoja na yetu juu ya meza ya kukatia. Moja ilisema pomboo, moja ilisema mbuzi, na ya tatu ilisema ngozi nzuri tu, bila kumtaja mnyama. Alizitazama kama wapimaji watatu waliopima mguu mmoja na kuleta vipimo vitatu. Fundi Athmani, ambaye halikumhusu, alikuwa na maoni tayari.

"Pomboo ni mafuta matupu," alisema. "Kama ni wa baharini, basi huyo ni nguva. Babu yangu alikuwa na viatu vya nguva. Babu alikufa, viatu havikufa."

"Wewe ulimwona nguva, Fundi?"

"Niliviona viatu. Vyanitosha."

Jumapili iliyofuata tulipata mhubiri mgeni, mchungaji aliyekuwa amesomea lugha za kale. Baada ya ibada Baba alimsogelea pale nje, watu wakiwa bado wamesimama makundi makundi, akamweleza shida yake. Mimi nilikuwa nimemshika koti. Mchungaji alitabasamu kama mtu aliyeulizwa swali analolipenda.

"Mzee, umegusa penyewe. Kwa Kiebrania neno lile ni tahashi. Wako wanaosema ni pomboo, wako wanaosema nguva. Wengine wanasema mbuzi wa aina fulani, na wengine wanasema si mnyama kabisa bali ni namna ya kutengeneza ngozi. Ukweli ni kwamba hakuna ajuaye."

"Hata waliotafsiri?"

"Walikisia, mzee. Walikisia kwa uangalifu, lakini walikisia."

"Mchungaji, watoto wanasikia!" Mwalimu Zakaria alimkatiza, uso umemwiva.

Baba akatikisa kichwa polepole. "Basi na mimi sijui," alisema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Niliachia koti lake. Sijui kama naweza kuieleza aibu ile ilivyonichoma. Baba yangu, aliyejua kila ngozi kwa kidole, amesimama mbele ya kanisa zima akasema hajui, na hakuonekana hata kuona haya. Lakini aibu ilikuwa ndogo kuliko hofu iliyoifuata. Nimekulia kwenye makubadhi, nami nilijua kwamba uzi mmoja ukikatika, soli nzima huanza kufunguka. Ikiwa hapa pameandikwa pomboo na si hakika kwamba ni pomboo, je, pale palipoandikwa habari za Mama? Labda napo watu walikisia kwa uangalifu.

Nilikaa na wazo hilo siku mbili, sikumwambia mtu. Siku ya tatu nilikuwa nimepata dawa yake. Ningetafuta ngozi ya pomboo, niitie pipani ilowe, nimpe Baba aipapase. Ikitoka ngozi nzuri, ya kufunika hema, basi neno ni kweli, kitabu ni kweli, na Mama yuko. Kila kitu kilitegemea pipa lile. Mtu mzima angeona mashimo katika hesabu hiyo. Mimi nilikuwa na miaka tisa na haraka.

Nilishuka soko la samaki kule bandari ya zamani. Mchuuzi wa kwanza niliyemuuliza pomboo aliangua kicheko.

"Pomboo? Wataka nifungwe mimi? Pomboo hauzwi, mwanangu."

"Nataka ngozi yake tu."

Alikuwa akichuna samaki mkubwa, na foleni ya wateja ilimwelemea. Akanitupia kipande cha ngozi ya kijivu, kipana kama daftari. "Haya shika, wende zako."

"Ni pomboo?"

"Shika tu, nakwambia."

Nilichukua hilo kuwa ndiyo. Nilikifunga kwenye gazeti, na njia nzima nilikuwa nikiingiza mkono na kukipapasa, kutoka juu kwenda chini, kama Baba. Kilikuwa laini kama sahani yenye maji. Nilikuwa nimewaona pomboo wakiruka upande wa Likoni, weusi wanaong'aa, na nilijua kwa uhakika wote kwamba huyu ndiye.

Fundi Athmani alikuwa amekwenda kuswali alasiri na Baba alikuwa Marikiti kununua uzi. Karakana ilikuwa tupu. Nilisimama kizingitini na kifurushi changu, na hakuna aliyeniuliza ngozi ya nani. Sheria niliijua vizuri. Nilijiambia kwamba nitamtaja mnyama baadaye, mambo yakishakuwa mazuri. Nikavuka, nikainua kifuniko, nikakizamisha kipande changu chini kabisa, chini ya ngozi za mbuzi zilizokuwa zikilowekwa kwa ajili ya makubadhi ya bwana harusi mmoja wa Kibokoni na ndugu zake watano.

Jumamosi Fundi alifungua pipa. Kwanza alirudi nyuma hatua mbili. Kisha akafunga pua, akachovya mkono, akatoa kipande changu, kimevimba na kinanuka, kinachuruzika maji mekundu.

"Ngozi ya nani hii?"

Fundi akamtazama Baba, na Baba akanyoosha mgongo kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Sikuwahi kuona mtu mzima akiogopa namna ile. Mle ndani aliingia kwa ahadi moja tu, na ahadi yenyewe ilikuwa ikining'inia mkononi mwa Fundi Athmani.

"Ya pomboo," nikasema kutoka kigodani. "Nimeitia mimi."

Baba alikuja akaichukua. Kwa mazoea tu akafumba macho. Alipitisha kidole gumba kwenda chini, akakirudisha juu, akafumbua macho.

"Papa," alisema. Alinishika mkono akanipapasisha. Kwenda chini ilikuwa laini, kama nilivyoijua. Kurudi juu ilinikwaruza kama msasa. "Ulipapasa upande mmoja tu," akaniambia. "Ngozi hupapaswa kwenda na kurudi."

Fundi Athmani alishusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Papa namla kila Ijumaa." Kisha akanigeukia, na ucheshi ukawa umemtoka. "Lakini wewe, bibi, ulipoitia hukujua kuwa ni papa. Ingekuwa nyengine je? Bwana harusi huyu angekwenda msikitini na najisi miguuni?" Alimtazama Baba, bado amesimama vilevile, akapunga mkono. "Nawe kaa basi, ndugu yangu, wasimama kama askari. Mwana ni mwana. Ngozi zile tupa zote. Akivua makubadhi yake mlangoni mwa msikiti watu watadhani ameleta kitoweo."

Baba aliomba radhi mara tatu. Wiki mbili nzima alifika kazini alfajiri kuzifidia ngozi zile, na harusi haikuchelewa. Lakini siku ile, kabla ya yote, mimi na yeye tulimwaga pipa na kulisugua kwa mchanga.

"Ulitaka nini?" akaniuliza mwishowe.

"Nilitaka kujua kama ni pomboo. Wewe umesema hujui!" Nilipaza sauti kuliko nilivyokusudia. "Mbele ya watu wote!"

Hakukasirika. Alikaa juu ya ukingo wa pipa, mikono imejaa mchanga. "Sikia. Yule fundi aliyeishona ngozi ile juu ya hema, alimjua mnyama wake. Alimchuna mwenyewe. Mikono ilimnuka kama hii yangu. Ungemuuliza mlangoni, ngozi ya nani, angekujibu bila kufikiri. Sisi tumefika nyuma sana, wote waliojua wameshaondoka. Lakini mnyama alikuwapo. Hema lilifunikwa, na watu walikaa chini yake mvua isiwapate."

"Sasa sisi tutasema nini?"

"Tutasema hatujui. Si tusi."

Sikumwambia habari za Mama. Nilisugua pipa.

Funiko la nne Baba alilishona kwa ngozi ya mbuzi, aliyoiloweka mara nyingi mpaka ikawa na weusi wa kahawa. Siku ya sikukuu hema lilisimama uwanjani, na watoto wanne tulipangwa kulieleza, kila mmoja funiko lake. Mwalimu Zakaria, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu mwenye woga, alikuwa amenifundisha jibu langu wiki nzima: pomboo, na nisiongeze neno. Watu walijaa. Hata Fundi Athmani alikuja, kanzu nyeupe na kofia, akasimama nje ya ua akichungulia kazi ya rafiki yake. Kitani kikaelezwa, manyoya yakaelezwa, kondoo wakaelezwa.

"Na la nne?" Mwalimu Zakaria akaniuliza.

"La nne ni ngozi za tahashi," nikasema. "Ni mnyama. Waliolishona walimjua. Sisi hatumjui."

"Pomboo," akanong'ona Mwalimu.

"Hatumjui, Mwalimu. Hili hapa ni mbuzi, ameshona Baba."

Bibi mmoja wa safu ya mbele akasema, "Kweli kabisa," na watu wakacheka, na Mwalimu Zakaria naye, baada ya kufikiri, akacheka. Mbingu haikuanguka. Nilitazama juu kuhakikisha.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Baba amebeba lile funiko begani. Tulipoingia vichochoro vya Majengo, karibu na wauza mbaazi na mahamri, nilimuuliza lile ambalo ndilo nililotaka kuuliza tangu mwanzo.

"Baba. Watu wote waliniambia nitamwona Mama tena. Wewe hukusema."

"Walisema wanajua," akanijibu. "Mimi sijui. Ningekuambia ninajua ningekuwa nakudanganya, na ndiyo maana nikanyamaza. Nilikosea. Nilipaswa kukuambia hili: naamini nitamwona. Kila siku nikiamka naamini. Ila sijapapasa kwa kidole changu, mwanangu, siwezi kukuambia nimepapasa."

Sikuwa nimelia tangu mazishi. Nililia pale, kwa sauti, watu wakitutazama, na Baba hakuninyamazisha. Aliuhamisha mzigo bega la pili akanishika mkono. Nilimwamini. Mtu aliyekubali kusema hajui mbele ya kanisa zima kwa ajili ya ngozi ya hema asingenidanganya juu ya Mama.

"Sidi alikuwa haogopi hata mbwa wa jirani," akasema ghafla, na lilikuwa jambo la ajabu kulisikia jina la Mama likitoka kinywani mwake. "Aliogopa kuku. Unajua hilo? Mwanamke mzima wa Rabai, aogope kuku." Akacheka, akaanza kunieleza jinsi siku ya posa yake jogoo alivyomkimbiza mbele ya wajomba zake wote, na kutoka hapo akaingia kwenye habari nyingine, na nyingine. Tulipofika nyumbani alikuwa hajamaliza, tukakaa kibarazani.